Nyayo bapa na viungo vilegevu kwa mtoto wa jimnastiki

Mama, umeuliza kama binti yako wa miaka 8, mwenye nyayo bapa na magoti yanayopinda kwa nyuma, aachishwe jimnastiki. Kwa maelezo uliyotoa, sioni sababu ya kumwachisha. Kwanza mwambie achuchumie, yaani asimame kwa ncha za vidole vya miguu, akiwa peku, nawe umtazame kwa nyuma: uvungu wa unyayo ukijitokeza na visigino vikaelekea ndani, nyayo zake ni bapa za kunyumbuka, hali ya kawaida kwa watoto ambayo mara nyingi haihitaji tiba iwapo hana maumivu. Soli maalumu za kuweka ndani ya viatu zinaweza kupunguza maumivu, lakini hazijengi uvungu, na kwa kuwa mazoezi hufanywa peku, ukumbini hazitamfaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kocha anayefurahia ulegevu wa viungo na kumkandamiza mtoto kwenye msamba, kwani mtoto wa namna hii hakosi unyumbufu, anakosa nguvu za kuudhibiti. Mwombe apunguze kumnyoosha, na badala yake binti apandishe na kushusha visigino polepole, asimame kwa mguu mmoja goti likiwa limekunjwa kidogo, na anapotua baada ya kuruka asiliache goti lirudi nyuma.

Akichechemea, kiungo kikivimba au kikiteguka mara kwa mara, au unyayo ukibaki bapa na mgumu hata anapochuchumia, apelekwe kwa daktari wa mifupa ya watoto kabla ya kurudi mazoezini.