Madoa meupe tangini: acheni kumwaga kapsuli kwenye maji ya samaki

SWALI: Shikamoo daktari. Nina tangi la futi tatu, samaki wa dhahabu sita na kambare mmoja mdogo wa kulamba kioo. Wiki iliyopita samaki mmoja alitoka madoa meupe kama punje za chumvi, akawa anajisugua kwenye kokoto. Muuzaji alinipa kapsuli sita za tetrasaiklini, akasema nibadilishe maji yote, nioshe kokoto na sponji ya filta kwa sabuni, kisha nifungue kapsuli nne nimwage ndani. Sasa wawili wamekufa, na hao hawakuwa na doa hata moja. Waliobaki wanahema juu ya maji. Nimtenge mgonjwa? Niongeze dozi? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze hata chembe. Waliokufa hawakuwa na madoa, umesema mwenyewe. Basi usimlaumu mgonjwa kwamba kawaambukiza wakafa. Wameuawa na maji.

Kwenye ile sponji na juu ya zile kokoto walikuwa wanaishi bakteria wanaochukua amonia inayotolewa na samaki, wakaigeuza nitriti, kisha nitrati ambayo samaki anaivumilia. Kundi hilo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Wewe umelifuta kwa sabuni mchana mmoja, kisha ukamwaga juu yake dawa isiyochagua bakteria mwema na mbaya. Amonia ikapanda, na kwenye maji ya joto kama ya Dar sumu yake huwa kali zaidi. Samaki anayehema juu ya maji ana matamvua yaliyoungua, au damu yake imeshindwa kubeba hewa kwa sababu ya nitriti.

Leo toa theluthi ya maji, weka mengine yaliyolala ndooni usiku kucha bila kufunikwa ili klorini ya bomba itoke. Kesho rudia, na keshokutwa. Usiwape chakula siku mbili. Pampu ya hewa isizimwe. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, tena na tena. Ukimfahamu mtu mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, muombe kipande cha sponji yake chafu. Uchafu huo ndio unaoutafuta.

Sasa madoa. Hiki ni kimelea, Ichthyophthirius multifiliis, na si bakteria. Tetrasaiklini haimgusi. Kila doa ni kimelea mmoja aliyejichimbia chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo dawa ya majini haimfikii. Akishiba anadondoka, anajifunika kwenye kokoto na kugawanyika kuwa mamia ya vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki mwingine. Hapo tu, kikiwa kinaogelea, ndipo kinapokufa kwa dawa. Kisipopata samaki ndani ya siku mbili hivi, kinakufa chenyewe. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa peke yake hakusaidii: tangi lote limeshaambukizwa, na wenzake ambao hawajatoka madoa huenda wanao tayari kwenye matamvua.

Tibu tangi zima kwa chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 2 kwa lita. Tangi lako likibeba lita 120, hiyo ni gramu 240. Igawe jioni tatu, gramu 80 kila jioni, iyeyushwe kwanza kwenye jagi. Chumvi hiyo hiyo inazuia nitriti isiingie kwenye damu. Kila unapobadilisha maji, maji mapya nayo yawe na kiwango hicho. Kama unatumia maji ya kisima yaonje kwanza, maana visima vingi vya Dar vina chumvi tayari. Kambare haivumilii vizuri. Mweke kwenye beseni lenye hewa na umhamishie kila siku kwenye beseni jingine lililooshwa na kukaushwa kabla ya kutiwa maji mapya, ili vimelea wanaodondoka wabaki nyuma. Akipona usimrudishe, wanajifunza kulamba ute wa samaki wa dhahabu. Madoa yataisha mapema, lakini endelea na chumvi wiki mbili baada ya doa la mwisho. Wengi wanaacha siku ya nne, na ugonjwa unarudi na nguvu.

Na kabla ya yote hayo, angalia madoa yako wapi. Yakiwa yamejipanga kwenye vifuniko vya mashavu na ncha ya mbele ya mapezi ya kifuani tu, huyo ni dume aliyefikia kuzaa, na hana ugonjwa. Nimeona watu wakimtibu dume mzima mpaka akafa. Wako anajisugua, kwa hiyo simpi nafasi hiyo, ila wanaosoma hapa waliangalie hilo.

Swali la kapsuli naletewa karibu kila wiki, na linaniumiza. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, hanywi maji, ila kidogo mno. Ukimmwagia dawa ukidhani atainywa, unailisha sponji. Tetrasaiklini pia hushikana na madini ya maji magumu, ikabaki haina kazi. Hata ugonjwa unapokuwa wa bakteria kweli, dawa huchanganywa kwenye chakula, kwa kipimo cha uzito wa samaki, na mtu aliyemchunguza. Muuzaji anayetoa kapsuli bila kukuuliza tangi lina lita ngapi, maji yametoka wapi na samaki wa mwisho uliingiza lini, hajui anachotibu. Kapsuli hizo hizo anampa mwenye kuku, anampa mwenye kikohozi. Maji ya tangi yenye dawa hiyo yanaishia mtaroni, na bakteria wa humo wanazoea dawa ambayo kesho mtoto wa mtu ataihitaji hospitali.

Umebakiwa na kapsuli mbili. Zipeleke kwa mfamasia aziteketeze. Usimpe jirani kwa ajili ya kuku wake.