Kicheni pati nne, sare nne: majibu ya maswali yenu

Wiki iliyopita niliwaomba mniandikie yanayowakwaza mnapojaribu kupunguza kununua vitu kwa sababu ya kupenda mazingira. Nimeanza na haya.

Dada, tangu mwaka uanze nimealikwa kicheni pati nne, kila moja na sare yake. Nikikataa sare naonekana nina roho mbaya. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata)

Mdogo wangu, kabati langu lilikuwa hivyo hivyo. Siku moja nilitoa sare zote nikazitandaza kitandani, zikafika kumi na moja. Nyingi ni zile satini za kuteleza, nimezivaa mara moja, nimepiga picha, basi. Satini nyingi za bei nafuu ni poliesta, nyuzi inayotokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama pamba, na hata ukitaka kuifanya tambara la deki hainyonyi maji. Safari yake inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, hapa Dar es Salaam.

Usiache kwenda kwenye shughuli za watu. Wahi kikao kabla kitambaa hakijachaguliwa, maana kikishachaguliwa hakuna atakayekusikiliza. Waambie wenzio mchague rangi tu, kila mtu avae gauni au kitenge cha rangi hiyo alichonacho. Au mvae kanga. Mimi ninayo kanga ya marehemu mama, jina la kanga yenyewe limefutika hadi zimebaki herufi tatu. Aliivaa harusini na msibani, akawabebea wadogo zangu, na sasa najifunga nikipika. Pindo lilichanika upande mmoja, nikalishona kwa mkono. Sare ya namna hiyo chukua hata kumi.

Kamati ikikataa, toa mchango wako kamili, vaa nguo yako ya rangi inayokaribiana, na ufike mapema ukasaidie jikoni. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza walininong'ona. Mara ya pili shangazi wa bibi harusi aliniuliza gauni lile nilishonesha wapi.

Nina droo imejaa mifuko mbadala. Afadhali hiyo kuliko rambo, au? (Kijana, Mwananyamala)

Ni afadhali kama unairudia. Tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku Juni 1, 2019, wengi tunaamini mfuko mbadala ni kitambaa. Ule laini uliozoeleka madukani hutengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Uache juani miezi kadhaa uone unavyopukutika vipande vipande. Mifuko ya droo yako inakutosha kwa miaka. Weka miwili kwenye begi la kazini leo leo, na hiyo ikiisha tafuta kapu la ukili.

Nyie mnasema tupunguze kununua. Mimi mkaa nanunua wa kopo, siku kwa siku. Nipunguze nini? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Huna cha kupunguza, mama, na kama maneno yangu ya nyuma yalikuumiza, naomba unisamehe. Anayenunua kwa kopo hatupi kitu. Waliojaza nyumba ndio ninaowaambia wapunguze.

Ila mkaa tuuongelee, kwa sababu unaumaliza msitu na unaumaliza mkoba wako. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo sita za kuni au zaidi. Vilima vya Pugu, unakoanzia Mto Msimbazi, vimekatwa miti kwa miaka mingi kwa ajili ya majiko ya jiji hili. Kilima kikiwa uchi mvua haipati cha kuizuia. Maji na udongo vinateremka pamoja, na sote tunajua bonde la Jangwani linavyofurika.

Maharage yaloweke usiku kucha. Funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko. Yakiiva, mkaa uliobaki uzime, usiuache uishe kwenye jiko tupu. Zamu yako ya kupokea mchezo wa upatu ikifika, fikiria mtungi wa gesi wa kilo 6, uwe wa chai na mboga, mkaa ubaki wa makande. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Natamani mpango huo uanze na ninyi wa kopo, mpimiwe gesi kidogo kidogo kama mnavyopimiwa mkaa.

Nikinunua mitumba Karume, si ndiyo natunza mazingira? (Mwanachuo, Ubungo)

Inategemea umekwenda kutafuta nini. Suruali imechanika, ukaenda kutafuta suruali: vizuri kabisa. Ulikuwa unapita tu, ukakuta blauzi za buku buku, ukabeba saba? Umenunua saba. Fulana moja ya pamba, tangu shambani mpaka inavaliwa, inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, hivyo ile uliyonayo ina thamani kuliko unavyodhani. Kabla ya Karume pitia kwa fundi cherehani. Wa mtaani kwangu hufumua kola iliyochakaa, akaigeuza upande wa ndani ukaja nje, na shati linarudi kazini.

Simu yangu ni nzima ila betri inakata saa sita mchana. Ninunue mpya? (Msomaji, Sinza)

Badilisha betri. Mafundi wamejaa Kariakoo.

Mwanangu ana miaka minane, kila siku anataka mdoli mpya. Nimfundisheje kupenda mazingira? (Baba, Kinondoni)

Mpeleke kwenye mikoko, kaka. Mimi sikuacha kununua hovyo kwa kuhubiriwa. Niliipenda mikoko ya Kunduchi kwanza, na baada ya hapo kila kitu nilichotupa nilijiuliza kitatokea wapi. Mwonyeshe mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, inavyochomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa. Mkichutama kimya dakika chache, kaa wenye gando moja kubwa watatoka mashimoni. Ataziona pia chupa na ndala zilizonasa kwenye mizizi. Usimwambie kitu, mwache aulize mwenyewe.

Nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Saa waulizeni wavuvi. Na avae viatu vyake vya zamani, asinunuliwe vya safari.