Barua kwa mwanangu: malaika mwenye shaka

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anayesali na kufunga anaweza kusoma riwaya ambayo ndani yake malaika anamhoji Mungu, tena akaipenda, bila kuwa ametenda dhambi. Ukaongeza kwamba mwenzako wa kikundi cha maombi amekwambia uitupe, nawe hujui umjibu nini. Nianze na jibu lenyewe ili usiisome barua hii kwa wasiwasi: soma.

Sasa nikupe sababu, na ya kwanza iko kwenye Biblia yako. Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumuua mumewe, nabii Nathani hakumwendea na orodha ya amri. Alimsimulia kisa. Palikuwa na tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo jike mmoja tu, aliyekula chakula cha yule maskini, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akamnyang'anya maskini kondoo wake, akamchinja. Daudi akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathani akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hebu kitazame kile kikombe. Kwa hoja yenyewe hakikuhitajika, kwa sababu wizi ungekuwa wizi hata bila kikombe. Nathani alikiweka ili Daudi ampende yule mwana-kondoo kabla hajatambua kwamba mwizi ni yeye. Maskini yule hakuwahi kuzaliwa, na bado kupitia kwake Mungu alimfikia mfalme aliyekuwa ameziba masikio.

Kisha soma tena mwanzo wa kitabu cha Ayubu kana kwamba hujawahi kukisikia. Wana wa Mungu wanakuja mbele zake, Shetani naye yumo kati yao, na Mungu anamuuliza ametoka wapi. Wanazungumza, wanakubaliana, na mtu mwema anapoteza watoto wake kumi kwa siku moja. Mtunzi wa leo angetuandikia sura kama hiyo, nadhani wengi wetu tungesema amekufuru. Baada ya hapo Ayubu analalamika sura baada ya sura, na marafiki zake watatu wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri yaliyonyooka. Nenda 42:7 uone nani alikasirikiwa. Ni wale watatu, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kama Maandiko yamempa nafasi mtu aliyemlalamikia Mungu namna ile, sioni kwa nini malaika wa kubuniwa asiruhusiwe kuuliza swali moja.

Lipo jambo jingine ambalo waumini wengi hawalitambui. Tayari tumebeba kichwani hadithi nyingi za kubuniwa tukidhani ni Maandiko. Mathayo hakusema mamajusi walikuwa watatu. Alitaja zawadi tatu, na akasema walimkuta mtoto nyumbani. Mwanzo hakitaji tofaa, kinataja tunda. Wala sura ya tatu haisemi kwamba nyoka yule alikuwa Shetani. Tunaliunganisha hilo kutoka Ufunuo, kwenye mwisho kabisa wa Biblia. Na ile picha ya Shetani kama jemadari mwenye fahari, aliyeshindwa vita mbinguni na bado anahutubia majeshi yake, wengi wameipata, hata bila kujua, kwa John Milton, mcha Mungu aliyekuwa kipofu alipoutunga utenzi wake uliochapishwa mwaka 1667. Nao Waislamu wana mfano wao katika lugha hii hii yetu. Bwana Mwengo wa Athumani, katika Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, alisimulia vita vikubwa dhidi ya majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi, ilhali katika historia msafara wa Mtume Muhammad kwenda Tabuk, ambao ndio Tambuka ya utenzi, uliishia bila vita na Warumi. Wapenzi wa utenzi huo hawakumwona kuwa adui wa dini. Walijua shairi ni shairi.

Sikufichi kwamba jambo hili huumiza. Mwaka 1959 gazeti la Al-Ahram la Misri lilitoa kwa mfululizo riwaya ya Naguib Mahfouz iliyowaleta watu wanaofanana na mitume kwenye mtaa wa Kairo. Wanazuoni waliipinga, na kama kitabu ilitoka Beirut mwaka 1967. Mwaka 1994, Mahfouz akiwa mzee wa miaka 82, kijana mmoja alimchoma kisu shingoni. Alipona, lakini mkono wake wa kulia uliathirika na kuandika kukawa mateso. Kisu kile nakilaani bila kusita. Lakini mtu anayesema, "Mtume wangu simpi maneno ya kubuniwa, na kitabu hicho sikisomi," huyo simlaani hata kidogo. Anakilinda kitu anachokipenda, na hana deni la kusoma kwa yeyote.

Wewe lakini unataka kusoma, basi nikupe kipimo ninachokitumia mwenyewe. Mtafute mhusika anayesali. Je, mwandishi amempa akili? Amempa maneno yenye nguvu, au amemfanya mjinga ili wengine wamshinde kwa urahisi? Mwandishi anayemheshimu huyo, hata kama yeye mwenyewe haamini, nitakwenda naye mbali. Anayemdhihaki humchosha msomaji, na hapo funga kitabu bila kuona haya. Na uwe mkali vivyo hivyo kwa riwaya zetu za dini ambamo kila ombi hujibiwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Hizo zimewavunja moyo watu wengi waliokuwa wakimwuguza mtu asiyepona, na sijasikia mtu akiambiwa azitupe.

Tena usijione mdogo mbele ya kitabu hicho kwa sababu unaamini. Asiyeamini akisoma kwamba malaika alisita kabla ya kutii, anaona mhusika amesita tu. Wewe unajua utii huo ni nini na kusita huko kunagharimu nini. Uliniandikia kwamba ulipofika pale malaika anapouliza kwa nini mtoto yule afe, ulikiweka kitabu chini ukapiga magoti. Mwandishi yeyote angetamani msomaji kama wewe.

Kuhusu mwenzako, usibishane naye mbele ya kikundi, na usimpe kitabu kwa hila akisome bila kujua kilichomo. Mwambie ukweli: kwamba unakisoma, kwamba hujaacha kusali, na kwamba sura ile ilikupeleka kwenye maombi. Kisha mwombe mkisome Ayubu pamoja, chote, pamoja na zile sura za katikati ambazo watu huziruka. Akikataa hata hilo, mwache na amani yake, uendelee kumpenda.

Kuna ukurasa ulisema hukuuelewa, ule wa malaika anaporudi kimya. Uunakili, uniletee utakapoandika tena.

Mama yako akupendaye