Mkuu wa Buhongwa, hilo gari ulikute limelala

Mkuu, hiyo hela ya "kushikilia gari" anayoitaka dalali usiitume. Umeandika kwamba Corolla yako imekufa gia boksi na unatafuta ya kuziba pengo, na unauliza kati ya Toyota IST na Toyota Raum ipi itavumilia vilima vya Mwanza, ulaji wa mafuta ukoje, rangi gani huuzika haraka, na kama bora uagize Japani. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukasema dalali "ataniletea gari jioni hadi getini ili nilijaribu, na fundi wake atakuwepo". Hapo moyo ukanilipuka paa.

Na mimi nililetewa hivyohivyo. Jioni, getini, gari limeoshwa linang'aa, matairi yamepakwa ile dawa nyeusi, injini ya moto. Likawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Tukazunguka hadi Nyegezi na kurudi, kiyoyozi kinapuliza vizuri, na fundi aliyekuja nalo ananiambia, "Bosi, hii injini haijawahi kufunguliwa." Dalali naye kila mara anapokea simu ya "mteja wa Geita" aliye njiani na hela taslimu. Nikalipa.

Asubuhi yake nikaliwasha mwenyewe. Moshi mweupe ukajaa uani, injini ikatetemeka, kisha ikatulia kana kwamba hakuna kitu. Nikampigia dalali, akajibu, "Hiyo ni baridi tu kaka, lizoee." Gari lilipopandishwa kilima cha Bugando likiwa na watu wanne, taa nyekundu ikawaka na maji yakafumuka chini ya boneti. Fundi wangu alipoifungua hakuhitaji hata kunieleza. Pembeni ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilikuwa imejitokeza silikoni nyekundu mbichi kabisa, na vichwa vya boliti vilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. Injini "isiyowahi kufunguliwa" ilikuwa imefunguliwa karibuni, hedi iliyopinda ikarudishwa na gundi, gari likaingizwa sokoni. Kwenye injini za IST, na za Raum ya kuanzia 2003, bloku (kiwiliwili cha injini) na hedi vyote ni aluminiamu. Zikichemshwa sana, zinapinda. Niliishia kununua injini nyingine nzima.

Sasa nisikilize. Gari la mkononi ulikute limelala. Lisije kwako, wewe ndiye uende lilikolala, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu yeyote hajaligusa ufunguo. Dalali yeyote atakayekwambia haiwezekani, achana naye siku hiyohiyo.

Injini ya moto inaficha karibu kila ugonjwa mkubwa. Vyuma vimeshatanuka vikaziba mwanya, oili imeshapanda juu, maji yaliyovuja usiku ndani ya silinda yameshachomwa yakaisha. Na rejeta ya moto huwezi kuifungua, itakuunguza uso. Ndiyo maana wanaileta jioni, imeshatembea.

Ukifika, weka kiganja juu ya boneti, kisha ifungue ushike injini yenyewe. Ikiwa na vuguvugu, mtu ameiwasha kabla yako. Inama utazame ardhi pale lilipolala, kama kuna doa la oili au maji. Fungua mfuniko wa rejeta. Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, yenye rangi safi, au utando wa mafuta juu yake, funga urudi nyumbani. Chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili. Oili iliyochanganyika na maji inageuka kama chai ya maziwa. Ute kidogo kwenye mfuniko peke yake unaweza kuletwa na safari fupifupi, lakini ukiwa kwenye kijiti pia, usibishane na mtu.

Kisha zungusha ufunguo bila kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake hapo, izimike baada ya gari kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeiondoa. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu wakati injini ni ya baridi. Asubuhi usipoiona hiyo bluu, uliza kwa nini.

Washa huku mfuniko wa rejeta uko wazi na mtu wako amesimama nyuma kwenye ekzosi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu inatoka. Yakiendelea kuchemka na kurusha maji nje, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi (kizibo kati ya bloku na hedi) imekwenda. Moshi wa bluu wa mwanzo ni oili iliyoshuka usiku. Mlio wa cheni ya taimingi, iliyo ndani ya injini, unaogonga na kuendelea baada ya sekunde chache ni gharama. Kanyaga breki, weka D, kisha R. Gia ikichelewa kushika au ikipiga teke, umeshaona Corolla yako ilivyoisha.

Baada ya hapo ndipo ufunge rejeta, ulipakie watu na ulipandishe Bugando au Isamilo hadi lipate moto. Ukianza na baridi utalifikisha kwenye moto mwenyewe. Ukianza na moto, baridi hulipati tena siku hiyo.

Na fundi awe wako, umlipe wewe. Hawa mafundi wa kutembea na madalali wananiudhi kuliko madalali wenyewe. Dalali anauza maneno, kila mtu anajua. Fundi anajua kabisa silikoni ile imefunika nini, anamtazama baba wa watu usoni na kumwambia anunue, kisha anachukua mgawo wake. Watoto watapanda humo kwenda shule!

IST au Raum? IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina injini ya cc 1300 au 1500, na hiyo ya 1500 ndiyo iliyomo kwenye Raum ya kuanzia 2003. Kwa vilima vyetu chukua 1500. Inatumia cheni, haina taimingi belti. Akikwambia "taimingi belti imebadilishwa juzi", ujue unaongea na mwongo. Raum ina milango ya kuvuta na nafasi kubwa nyuma, na kwa sababu hiyo huku ziwani nyingine zimebeba samaki. Inua zulia la buti na ushike bati kwa vidole uone kama limeliwa na kutu, kwa sababu maji ya sato hayaondoki kwa manukato.

Kadi ya gari isomeke jina la anayekuuzia, namba ya chasisi uilinganishe na iliyogongwa kwenye bati, mkataba usainiwe mbele ya wakili, ubadilishe umiliki TRA (mamlaka ya mapato) mapema.

Mpigie sasa hivi umwambie hutaki jioni, unakwenda kesho alfajiri. Akikubali, niandikie inboksi, nipo Nyakato, nitakuja na fundi wangu.