Re: Jirani akiniuliza injili ni nini nianzie wapi?
Ndugu, kama huyo jirani yako hapo Malindi anataka kujua injili ni nini hasa, mi ningeanzia 1 Wakorintho 15 mstari wa 3 na 4, Paulo kaiweka fupi kabisa, Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, basi, mambo ya kuahidiwa gari na mafuta ya upako usiyachanganye humo. Tena tangu Shakahola 2023, kule msituni wafuasi wa mhubiri mmoja walikofunga mpaka wakafa, watu huku wana haki ya kuogopa wahubiri (hata mi naogopa wengine), kwa hivyo mwambie wazi wokovu ni kwa neema, Waefeso 2:8, sio kwa kufunga mpaka ufe. Akiuliza maswali magumu muache aulize, usimkimbizie sala ya toba.