Kipande cha Ndege ya Vita Ukutani: Maswali Yenu

Wengi mmeniandikia kuhusu vipande vya ndege za kale za kijeshi vinavyotiwa kwenye fremu au kufanywa mapambo ya mezani. Najibu maswali yaliyojirudia.

Nimeuziwa bati la ukubwa wa kiganja la Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, limepachikwa kwenye ubao wenye picha ya ndege hiyo. Nitajuaje kama ni la kweli? (Dar es Salaam)

Anza na muuzaji kabla ya bati. Spitfire zilitengenezwa zaidi ya 20,000, kwa hiyo anayekwambia "ni ya Spitfire" na kuishia hapo hajakwambia kitu. Mwulize ni ndege ipi, yenye namba gani, ilitolewa wapi na nani aliyelibandua bati hilo. MotoArt ya California, wanaokata maganda ya ndege kuwa vibati vidogo waviitavyo PlaneTags, huandika juu ya kila kibati aina ya ndege na namba yake. Hicho ndicho kipimo cha uaminifu.

Kisha geuza bati nyuma. Tafuta mashimo ya ribiti yaliyokwenda kwa mstari, mabaki ya rangi ya kijani ya ndani, na namba ya kipuri. Namba za vipuri vingi vya Spitfire huanza na 300, maana ndiyo namba ambayo Supermarine, kampuni iliyoiunda ndege hiyo, waliupa muundo ule. Ukikosa dalili hizi zote na karatasi pia hakuna, lipa bei ya bati tu.

Si vibaya kukata ndege ya kihistoria kwa ajili ya mapambo? (Nairobi)

Ni vibaya sana, ikiwa ndege hiyo bado yaweza kuruka au kusimama kwenye makumbusho. Mimi sinunui cha namna hiyo hata kiwe kizuri vipi. Lakini fikiria yaliyotokea baada ya vita kwisha mwaka 1945. Maelfu ya ndege za Marekani zilipangwa Kingman, Arizona, na Walnut Ridge, Arkansas, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kuwa vipande vya alumini. Hapo Walnut Ridge msimamizi mmoja, Minot Pratt, aliona picha ambazo askari walikuwa wamezichora kwenye pua za ndege zao, akaagiza zikatwe kwa shoka kabla ya tanuru kuzila. Mabamba 33 yenye picha hizo yaliishia mikononi mwa Commemorative Air Force, chama cha kuhifadhi ndege za kale za kijeshi, huko Texas. Kila nikifikiria shoka lile najua kwa nini napenda kazi hii. Vipo vilivyobaki kwa sababu tu mtu alivikata.

Njia nyingine halali ni karakana za ukarabati. Fundi anapoirudisha ndege angani, ganda lililochoka hubanduliwa likawekwa jipya, na la zamani huuzwa kusaidia gharama za kazi.

Naweza kuling'arisha liwake kama kioo? (Muscat)

Usifanye hivyo. Mabati mengi ya enzi zile ni Alclad: kiini chake ni alumini iliyochanganywa na shaba ili iwe imara, na juu kuna utando mwembamba wa alumini tupu unaokinga kiini kisiliwe. Ukisugua sana unauondoa utando huo, na chumvi ya hewa ya pwani itamalizia kazi. Rangi iliyobabuka nayo usiikwangue kwa msasa. Ile ya msingi, ya manjano au kijani, mara nyingi ina kromati ya zinki, na vumbi lake husababisha saratani. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Na mita ya rubani yenye namba za kung'aa gizani? (London)

Huenda rangi hiyo ina radiamu, madini yanayotoa mionzi. Nusu ya nguvu yake huchukua miaka 1,600 kupungua, kwa hiyo hata kama mwanga umezima, hatari ipo. Usifungue kioo, na usiiweke chumba cha watoto.

Mjomba wangu mzamiaji ameona mabaki ya ndege baharini. Tukiyatoa tutapata kipande cha kuuza? (Mombasa)

Naamini anachosema. Mwaka 1942 kundi la meli za kivita za Waingereza la Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, na ndege zao zilitumia uwanja wa Port Reitz, penye uwanja wa Moi wa leo. Hata hivyo mwambie mjomba asiguse kitu. Huenda rubani bado yumo. Tena Uingereza, kwa sheria ya 1986, na Marekani, kwa ile ya 2004, zinalinda mabaki ya ndege zao za kijeshi, na Kenya ina sheria yake ya urithi ya 2006. Apige picha, aandike mahali alipoyaona, apeleke taarifa Makumbusho ya Taifa. Picha hiyo mkiitia kwenye fremu, nitakuja kuitazama.