Jibu: GCaMP6 na mwitikio mdogo wa sinapsi

Habari dada wa Mbeya, salamu kutoka Iringa. Umesema niuroni (seli za neva) zenye GCaMP6, protini inayowaka kijani zaidi kalsiamu ikipanda, zinatoa mwitikio mdogo wa sinapsi (kiungo cha kupitishia ishara kati ya niuroni) kuliko zisizo nayo, na mwenzako anadai elektrodi ndiyo mbovu. Mimi nisingeanza na elektrodi.

Kiashiria hiki kina kalmodulini ndani yake, na kalmodulini hushika kalsiamu. Kikijaa kwenye ncha ya aksoni (mkia wa niuroni unaotuma ishara), kinainyonya kama sponji, kwa hiyo kalsiamu inayobaki huru ya kuachilia vifuko vyenye kemikali ya kupeleka ishara ni kidogo. Hili limeshapimwa kwenye calyx of Held, sinapsi kubwa ya shina la ubongo wa panya: GCaMP ikiwa upande wa kutuma, uwezekano wa vifuko kuachiliwa hushuka.

Basi angalia kwanza uwiano wa mapigo mawili yanayofuatana kwa karibu, yaani mwitikio wa pigo la pili ukigawanywa kwa wa la kwanza. Ukiwa juu zaidi kwenye seli zenye GCaMP, shuku upande wa kutuma. Usipobadilika na mwitikio bado ni mdogo, geukia upande wa kupokea.

Halafu linganisha na seli zilizopewa virusi vya aina ileile ulivyotumia kuingizia GCaMP, ila vyenye EGFP pekee, protini ya kijani isiyoshika kalsiamu. Kulinganisha na seli ambazo hazikuguswa hakutoshi kabisa, maana virusi na sindano navyo vinaweza kuzidhuru. Seli ambayo kiini chake kinawaka kijani iondoe kwenye hesabu, protini imezidi humo. Ukirudia jaribio, punguza dozi ya virusi na urekodi mapema zaidi.

Rekodi zako sijaziona. Ziweke hapa, hasa za mapigo mawili, tuzitazame pamoja.